Harufu Aliyosingiziwa Mjomba Ban-hok

Pua mjomba Ban-hok anayo, tena kubwa, imelalia kushoto kama mlango uliong'oka bawaba moja, lakini haifanyi kazi. Haisikii harufu yoyote. Mwekee samaki wa juzi upande huu na ua la yasmini upande ule, atakuuliza kipi kinaliwa. Daktari alisema ni mvuke wa mashimo uliomharibia humo ndani, kwa sababu kazi ya mjomba ni kunyonya vyoo. Ana gari la tangi la samawati, na bomba nene analolizungushia ubavuni mwa gari kama chatu aliyeshiba, na hapa mjini kwetu Beigang sijui kama kuna nyumba ambayo hajawahi kufunua shimo lake.

Ni kazi ya kutia kinyaa, nisidanganye. Siku moja nilimwomba aniruhusu nichungulie, maana mimi nikishaambiwa "usitazame" ndiyo basi tena. Juu kulikuwa na utando wa kijivu, mgumu, umepasukapasuka kama tope la shamba wakati wa kiangazi, na kwenye nyufa mapovu yalikuwa yakitoka taratibu, moja moja, kana kwamba shimo lenyewe linapumua. Mjomba aliutoboa utando ule kwa bomba, ukazama, na kilichopanda juu baada ya hapo sitakieleza chote. Niliona soksi, meno ya bandia na mwanasesere asiye na kichwa. Nilitapikia viatu vyangu vya shule.

"Umeona?" mjomba aliniambia, akinimiminia maji ninawe. "Wanatupa kila kitu humu, halafu mchafu ni mimi."

Na kweli mchafu ni yeye, kwa jinsi watu wanavyomchukulia. Akimaliza kazi, mwenye nyumba humletea chai katika kikombe cha karatasi, kile cha kutupa, tena hukiweka juu ya ukuta badala ya kumpa mkononi. Kwenye karamu za hekalu hukalishwa meza ya mwisho, karibu na feni inayopuliza nje. Nyumbani kwetu, anakokaa chumba cha chini, ana bafu lake uani, mashine yake ya kufulia, na brashi ya kucha aliyojisugulia hadi imebaki na nywele za kuhesabika kama ndevu za babu. Hujisugua, hujisuuza, hujisugua tena. Kisha akiingia sebuleni, mama yangu, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, hupaza sauti hata kabla hajageuza kichwa kutoka kwenye televisheni: "Kaka, kaoge!"

"Nimetoka kuoga."

"Basi rudi."

Naye hurudi. Hilo ndilo lililokuwa likinishangaza siku zote. Habishi. Mtu mwingine angejinusa kwapa akasema mbona sinuki, lakini yeye ajinuse kwa kitu gani? Watu wakisema ananuka, ananuka. Hana namna ya kuwakatalia.

Mtu mmoja tu hakuwa akimsema hivyo: Mzee Kiong Bun-tat, aliyekuwa fundi wa reli ya miwa kabla reli haijafungwa. Mjomba alikwenda kumnyonyea shimo, akaona mabawa mawili meupe yameegemezwa ukutani yakauke rangi, akasahau kabisa kwamba pampu inanguruma nyuma yake.

"Hiyo ndege inaruka kweli?"

"Nawa mikono uje uone," Mzee Kiong alimjibu.

Ndivyo walivyoanza. Kule mtoni, mahali maji yalipohama yakaacha mchanga mpana katikati ya mashamba ya karanga, warusha ndege za rimoti hukusanyika kila Jumapili. Wengine walikuwa wakitazama kwanza upepo unatokea wapi, ndipo wachague pa kusimama mbali na mjomba. Mzee Kiong alisimama naye bega kwa bega, akimfokea: "Vuta! Vuta, wewe! Unataka kulima karanga za watu?" Na mjomba, ambaye kutwa nzima anatazama chini kwenye mashimo, siku hiyo alitazama juu mpaka shingo ikakakamaa.

Mwanzo wa majira ya baridi Mzee Kiong alianguka akimenya chungwa, hakuinuka tena. Ndege yake kubwa nyeupe, ya mbao nyepesi iliyovikwa ngozi ya plastiki, mabawa marefu kuliko urefu wa mjomba, ilibaki stoo. Na mjane wake, Shangazi Pek-hap, alitaka kuichoma.

Si kwa hasira. Marehemu tunamtumia vitu kwa moto: nyumba ya karatasi, gari la karatasi, simu ya karatasi. Shangazi Pek-hap akasema, kwa nini amtumie mume wake ndege ya karatasi wakati ya kweli ipo? Mjomba aliposikia habari hiyo aliacha chakula mezani. Alikwenda kwa mjane, akapiga magoti mbele ya picha ya rafiki yake, akaomba marehemu mwenyewe aulizwe. Shangazi akatoa vile vibao viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo wafu hujibia maswali, akasema kwa sauti, kama anayezungumza na mtu wa chumba cha pili:

"Bun-tat! Siku yako ya mia, Ban-hok ataijaribu ndege. Ikiruka, iwe yake. Ikigoma, maana yake unaitaka wewe, nami nitaichoma jioni hiyohiyo. Sawa?"

Akavirusha sakafuni. Kimoja kililala chali, kingine kifudifudi. Hiyo ni ndiyo, na haina rufaa.

Kwa hiyo siku ya mia tangu kifo mjomba hakugusa gari lake kwa kazi, wala siku iliyotangulia. Alioga alipoamka, akaenda kwa kinyozi, akarudi akaoga tena, akavaa shati jeupe ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Mama alinipa machungwa ya sadaka nipeleke, nikafuatana naye.

Sebuleni kwa Mzee Kiong moshi wa ubani ulikuwa umeshatanda. Mezani, mbele ya picha, kulikuwa na kuku mzima wa kuchemsha na kichwa chake, kipande cha nyama ya nguruwe, samaki, na chupa ya pombe kali ya mtama. Ndege ilikuwa imelazwa juu ya viti viwili mbele ya meza hiyo. Shangazi Pek-hap aliitoa stoo mwenyewe, na akasema haitoki hapo mpaka wakati wa kwenda mtoni, kwa sababu marehemu ameshaitwa na huenda ameshafika anaitazama.

Mwanawe Kun-ting, anayeuza pikipiki mjini Kaohsiung, alikuwa amekuja na gari jipya. Ni mtu wa nywele za mafuta na manukato makali, mdomo wake mtamu mpaka unahisi meno yanauma.

"Baba mdogo! Karibu, karibu sana! Keti pale dirishani, pana hewa nzuri."

Mjomba alitandika gazeti kwenye kiti, ndipo akakaa. Akafungua mfuniko wa mgongo wa ndege, akainama, akaunganisha betri. Mkia ukatikisika. Vipande vya mabawa vikapanda na kushuka kama alivyoviamuru kwa rimoti. Akasukuma kijiti cha kasi. Mota haikusogea hata kidogo. Ilitoa tu mlio mwembamba: tii, kimya, tii, kimya, kama kifaranga aliyefungiwa nje.

"Inalia nini?" nikauliza.

"Inauliza. Tena si yenyewe, inalizwa na kidhibiti mwendo. Kile kijisanduku bapa, kama kiberiti, kiko humo chini. Betri inakipa umeme, rimoti inakipa amri, nacho kinaigawia mota nguvu kwa kipimo. Sasa umeme kimepata, kingekuwa kimekufa kisingelia. Kinasema: mimi niko hapa, mbona hamniambii kitu?"

Alizima. Akahakikisha kijiti cha kasi kimeshuka hadi mwisho, maana kikiwa kimepanda hata nywele moja kidhibiti hugoma kwa usalama. Akawasha. Tii. Akakifundisha upya: kijiti juu kabisa, betri, subiri, kijiti chini. Tii. Akaitambulisha upya rimoti kwa kipokezi, kile kidude kinachodaka amri hewani. Tii. Jasho lilianza kumtoka kwenye shati lile jipya. Mwisho akachomoa waya wa kidhibiti kutoka kwenye kipokezi, na mahali palepale akachomeka waya wa kimota cha mkia. Akasukuma kijiti cha kasi, mkia ukacheza.

"Basi amri mpaka hapa inafika," alisema, akikigonga kipokezi kwa ukucha. "Inapotea kuanzia hapa kwenda kule. Ni waya, au ni kidhibiti chenyewe."

"Si ukitoe ukitazame?"

Alikuwa akitazama pakiti.

Juu ya kidhibiti, ikiwa imebanwa kwa mpira, ilikuwa imelala pakiti ndogo ya kijani ya vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi. Nani asiyeijua? Shuleni iko juu ya mashine ya kuchapa mitihani, benki iko juu ya mashine ya kutolea pesa, hospitali iko nyuma ya mashine za kupima damu. Kazi yake ni kuiambia mashine itulie na ifanye kazi kwa adabu. Lazima iwe ya kijani, maana kijani ni taa ya mashine inayokwenda. Lazima iwe haijafunguliwa. Na ukishaiweka, huigusi. Mjomba mwenyewe ana ya kwake kwenye pampu ya gari. Mwaka juzi mhuni mmoja aliichomoa akaila, na kesho yake bomba likapasuka mbele ya posta watu wakiwa kwenye foleni. Hayo nayo sitayaeleza.

"Shemeji," mjomba aliita kwa upole. "Hii pakiti, nikiinua kidogo tu..."

"Usiiguse!" Shangazi Pek-hap alitoka jikoni na bakuli la supu mkononi. "Aliiweka kwa mkono wake mwenyewe. Unataka kumnyang'anya mtu kitu mbele ya picha yake?"

"Labda imepitwa na muda."

"Ipitwe na muda gani? Ameibadilisha mwezi uleule aliofariki. Kama ndege haitaki, haitaki, Ban-hok. Ndiyo jibu lake hilo."

Kidole cha mjomba kilikuwa kimesimama juu ya pakiti, kama upana wa wembe tu, na hakushuka nacho. Kwa hakika alijua kosa liko wapi, lakini kule kulikolala kosa hakukuwa na ruhusa ya kupita.

Wakati huo harufu ilikuwa imeshaenea. Ilianza tangu alipofungua mgongo wa ndege na kuinama. Kwanza nilidhani ubani umeungua vibaya. Halafu ikaja yenyewe: uvundo mzito wenye utamu ndani yake, kama mkojo uliochachia kwenye nazi, ukapanda hadi nyuma ya ulimi ukakaa hapo. Kun-ting alitoa leso, akajifuta paji la uso ambalo halikuwa na jasho, kisha leso ikateremka taratibu mpaka puani, ikabaki.

"Baba mdogo, leo umepitia kazini kidogo, siyo?"

"Sijafanya kazi tangu juzi."

"Aah. Basi kazi ndiyo iliyokufuata." Akacheka peke yake. "Si vibaya, baba mdogo. Mvuvi naye hunuka samaki. Ila mama hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, na kuku wa baba yuko wazi hapo mezani, unaona mwenyewe."

Shingo ya mjomba ikawa nyekundu, halafu masikio. Aliweka bisibisi chini bila kutoa sauti. "Shemeji," akasema, "nanuka?"

Shangazi Pek-hap alikuwa ameziba pua kwa ncha ya kola yake. Akatazama ukuta. "Maji yako uani, Ban-hok. Chukua taulo ya bluu."

Mjomba akainuka, akakunja gazeti alilokalia, akaondoka nalo.

Tukamsikia uani: ndoo, maji, halafu kusugua. Mtu akijisugua mgongo kwa brashi ngumu unasikia. Kun-ting alifungua madirisha yote. Kisha akachukua chupa ya manukato mfukoni, akakipulizia kile kiti alichokalia mjomba, mbele, nyuma, na chini ya kitako, kama mtu anayeua kunguni. Nilimtazama nikashangaa kwamba binadamu anaweza kufanya jambo hilo huku akipiga mluzi.

Tukangoja harufu iondoke. Haikuondoka. Ilichanganyika na yale manukato, ikawa kitu kingine kibaya zaidi, kama bibi harusi aliyefia chooni.

"Mnaona mtu huyu?" Kun-ting alisema. "Yeye ameondoka, harufu ameiacha itulindie nyumba."

Shangazi Pek-hap hakutabasamu. Alishusha kola, akavuta hewa kwa pua. Akainama kwenye kiti: manukato matupu. Akainama kwenye sanduku la vifaa vya mjomba: mafuta ya mashine. Viatu vyake vilikuwa nje tangu mwanzo. Shangazi akasimama katikati ya sebule, kichwa kimeinuliwa, macho yamefumbwa, akageuka hatua kwa hatua kufuata pua. Ikampeleka kwenye ndege. Akashusha uso mpaka kwenye ule mwanya wa mgongo, na papo hapo akarudi nyuma kama aliyezabwa kofi.

"Mama, nini?"

"Nyamaza wewe."

Aliitazama picha ya mumewe. Akakutanisha viganja. "Bun-tat, nisamehe," alisema, akafungua mpira, akainua pakiti.

Juu ilikuwa ya kijani, inang'aa, mpya. Chini haikuwepo. Ilikuwa imetafunwa ikaisha, na ndani ya lile ganda panya alikuwa amejitengenezea kitanda cha vipande vya plastiki na vitafunio vilivyolowa vikawa uji wa njano. Panya mwenyewe alikuwa bado yumo. Alikufa zamani kidogo. Alikuwa bapa, manyoya yanateleza kutoka kwenye ngozi, ubavu mmoja umegandana na kidhibiti mwendo kwa maji yake mwenyewe. Na chini yake walikuwa mende, wakubwa wa kahawia na wadogo weupe wasiokomaa, wakila. Mwanga ulipowapiga, walipanda mkono wa Shangazi mpaka ndani ya mkono wa blauzi.

Alipiga ukelele, akaitupa pakiti, panya akabaki amegandia ndegeni. Ilitua mezani. Mende mmoja akatoka, akapanda juu ya kichwa cha kuku wa marehemu, akasimama kwenye kishungi, akapepesa vipembe vyake. Kun-ting alitapika, na kitu cha karibu kilikuwa ndoo ya kuchomea karatasi za sadaka, kwa hiyo alitapikia humo, juu ya pesa za baba yake za ahera.

Mjomba alitokea mlangoni nywele zikichuruzika, ngozi ya shingo imechubuka kwa brashi. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa sauti ya chini:

"Sasa je? Bado?"

Hakuna aliyemjibu. Mmoja anapangusa mdomo, mwingine anakung'uta mkono wa blauzi, na maneno mawili tu yalihitajika. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini pale hata nusu ya haki ilikosa wa kuitoa.

"Mjomba, si wewe," nikasema. "Ni panya."

Akaja, akachungulia. Uso wake haukukunjamana hata kidogo. "Ee, panya," alisema, kama mtu anayemtambua jirani. Akamwondoa kwa vidole vitupu, akamfunga kwenye lile gazeti lake, akawafagia mende kwa kiganja, akawatupa dirishani. Kisha akainua waya mwembamba, akatuonyesha. "Huyu amekula amri. Nyaya za umeme ameziacha, ndiyo maana kilikuwa kinalia. Huu mweupe, wa kupitishia amri, ndio alioukata. Na mkojo umekula meno ya plagi, tazameni yalivyoota ukungu wa kijani." Akatupa macho mezani. "Shemeji, naomba ile pombe."

"Ya marehemu?"

"Nikikiosha kwa maji ya bomba patabaki chumvi. Pombe itaosha, na ikikaushwa haibakizi kitu."

Shangazi alitazama picha, akatazama chupa, akatazama bakuli lake la supu. Akamwaga supu dirishani. "Bun-tat alikuwa anajua kuigawa pombe," alisema, akamimina mwenyewe. "Chukua."

Mjomba alikivua kidhibiti ganda lake la plastiki, akakisugua ndani ya pombe kwa mswaki mkuukuu, pombe ikawa rangi ya chai. Harufu iliyopanda hapo ilinifanya nishike ukuta, lakini sikuondoka, nilitaka kuona. Akakikausha kwa mashine ya nywele ya Shangazi mpaka akaridhika. Akakata waya uliotafunwa, akalehemu mpya, akaweka plagi mpya, akakivika plastiki safi. Akafungua pangaboi la mota kwanza, lisije likala vidole vya mtu. Akashusha kijiti chini. Akaunganisha betri.

Tii-tii-tii, haraka haraka, halafu mlio mmoja mrefu. Haukuwa ule wa kifaranga. Akasukuma kijiti, na mota ikazunguka, laini, inavuma.

Shangazi Pek-hap aliigeukia picha ya mumewe.

"Mimi nilijua tu!" Kun-ting alisema, leso ikiwa bado mkononi. "Nilijua si baba mdogo. Baba mdogo ni msafi kuliko sisi sote."

Kichefuchefu nilichokipata hapo, cha panya kilikuwa cha kitoto. Nilimtazama mjomba nikingoja aseme kitu, hata neno moja. Alikuwa anafunga pangaboi. "Ah, hamna neno," alisema. Nayo hiyo ikanichefua, mpaka leo sijui ni ipi iliyonichefua zaidi.

Kun-ting hakukubali ndege ipande gari lake, viti ni vya ngozi. Ikaenda na gari la tangi, mabawa yamefungwa juu kwa kamba, na Shangazi akafuata nyuma na mwanawe.

Mtoni upepo ulikuwa unatoka baharini, wa kuinua ndege vizuri. Mjomba aliiweka ndege mchangani, akarudi nyuma. Akasukuma kijiti cha kasi. Ilikimbia, ikarukaruka kwenye mawimbi ya mchanga, kwa muda ikaonekana inakwenda kuishia kwenye matuta ya karanga, halafu magurudumu yakaachana na ardhi. Ikapanda. Ikazunguka juu ya mto, nyeupe, imeinamisha bawa moja. Shangazi Pek-hap alikuwa ameshika ubani kwa mikono miwili, ameuinua, na majivu yalikuwa yakimwangukia vidoleni asiyahisi.

"Nilikuwa nikuchomee na panya ndani," aliiambia anga. "Ungenipokea huko na fimbo."

Mjomba alipoishusha, ilisimama karibu kabisa na miguu yake. Hakuichukua. Alimtazama mjane.

"Yako," Shangazi alisema. "Yeye nitamtumia ya karatasi. Na usiniwekee tena kile kitu humo tumboni."

"Nitaweka nyingine," mjomba alisema.

"Ban-hok!"

"Nitaiweka kwenye bati la biskuti, shemeji. Lenye mfuniko. Bati nitalifunga nje."

Kun-ting alikuwa amesimama upande upepo unakotoka, mbali na ndege na mbali na mjomba, amefungua mlango wa gari lake. "Mama, njoo, kiti nimeshakusogezea."

Shangazi Pek-hap aliinua ndege upande wa mkia, palepale uchafu ulipochuruzikia.

"Shemeji, utachafuka."

"Nimeshachafuka. Inua huko mbele."

Wakaibeba wawili hadi kwenye gari la tangi. Kun-ting akaita tena. Mama yake alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya lile gari la samawati. "Tangulia," alimwambia bila kugeuka. "Hilo lako lina manukato mengi, nitatapika."

Tukabanana watatu mbele, mimi katikati, mkia wa ndege umelazwa mapajani mwangu kwa sababu haukuenea kwingine. Ulikuwa unanuka mkojo wa panya, pombe na mende, na joto la injini liliupikia kila kitu humo ndani. Nilivumilia mpaka darajani. Halafu nikajinyoosha mbele ya Shangazi, nikateremsha kioo chote, nikatoa kichwa nje.

"Joto?" mjomba akaniuliza, akipunguza mwendo.

Shangazi Pek-hap, macho yamejaa machozi ya uvundo, alinikanyaga mguu.

"Ee, mjomba," nikasema. "Joto."